Mwenye Shamba, Mwindaji na Bei ya Haki

Zamani, katika nchi nyingi za Afrika ya Kati, mwindaji aliyemwua tembo hakuyachukua meno yote mawili. Jino moja, lile lililogusa ardhi mnyama alipoanguka, lilikuwa la mwenye nchi, yaani mfalme au mkubwa wa ardhi ile. Jino la pili lilikuwa la mwindaji. Watu hawakubishana juu ya jambo hilo, kwa kuwa desturi ilikuwa imekwisha kutoa sababu yake: mwindaji alitoa nguvu na ushujaa, lakini ardhi ilimlisha tembo miaka mingi kabla mwindaji hajamwona. Kila upande ulipata sehemu yake. Leo tembo hulindwa na sheria, na jino la ardhi limebaki katika masimulizi ya wazee. Lakini swali lililokuwa ndani ya desturi ile halikufa. Mtu akiingia katika ardhi ya mwenziwe ili kuwinda, amlipe nini? Na yule mwenye ardhi, anapopokea malipo, anauza kitu gani hasa?

Nchini Kongo sheria ya tarehe 20 Julai 1973 imeiweka ardhi yote katika milki ya Serikali, na kwa hiyo mwanakijiji haukodishi msitu kwa wawindaji kama mtu akodishavyo nyumba yake. Ili kulipima swali hili vema, yafaa kulitazama mahali ambapo karibu kila bonde na kila kichaka kina mwenyewe, na ambapo kulipia uwindaji kumekuwa jambo la kila mwaka. Mahali hapo ni Texas, jimbo la kusini la Marekani, linalopakana na Meksiko. Hali ya huko ni tofauti na hali ya vijiji vya Kongo, lakini haki ni ile ile, maana dhamiri ya binadamu haibadiliki kwa kuvuka bahari.

NCHI YENYE MALANGO MENGI

Texas ni nchi pana. Eneo lake ni kilometa za mraba 695,000 hivi, yaani zaidi kidogo ya robo ya Kongo. Katika kila sehemu 100 za ardhi hiyo, zaidi ya 90 ni mali ya watu binafsi. Mashamba mengi ni ya kufugia ng'ombe. Yamezungushiwa waya, na malango yake hufungwa kwa mnyororo. Mtu wa mjini apendaye kuwinda, ikiwa hana ardhi yake mwenyewe, hana budi kupiga hodi kwa mwenye shamba.

Mnyama atafutwaye zaidi ni kulungu mwenye mkia mweupe. Si yule kulungu wa misitu ya Afrika, ingawa wanafanana kwa wepesi na kwa woga. Dume lake huota pembe zenye matawi, na pembe hizo huanguka kila mwaka baada ya majira ya kupandana, kisha huota nyingine. Majira makubwa ya kumwinda huanza mwezi wa Novemba na kuendelea mpaka Januari. Wako pia bata mzinga wa mwitu, kwale na njiwa.

Sheria ya Texas husema mambo mawili, na msomaji ayashike yote mawili pamoja. La kwanza: wanyama wa mwitu walio katika jimbo ni mali ya watu wote wa jimbo hilo. La pili: mtu haruhusiwi kuingia katika shamba la mwingine bila idhini ya mwenyewe. Basi mnyama ni wa wote, na lango ni la mmoja.

Fikira hii ni ya kale sana. Kaisari Justinian alipotoa kitabu chake cha mafundisho ya sheria za Roma, mwaka 533, iliandikwa humo kwamba mnyama wa mwitu hana mwenyewe mpaka akamatwe, na kwamba yule amkamataye ndiye awaye bwana wake, hata akimkamata katika ardhi ya mtu mwingine. Lakini mwenye ardhi alikuwa na haki ya kumzuia mwindaji asiingie. Warumi walitambua kwamba mnyama apitaye shambani si sawa na mbuzi aliye zizini. Mbuzi amefungwa kwa kamba ya mtu. Kulungu hulala huku leo, na kesho huamkia kwa jirani.

Kwa hiyo mwenye shamba wa Texas, anapokodisha ardhi yake kwa wawindaji, kwa sheria hauzi kulungu hata mmoja. Anauza ruhusa ya kupita langoni. Hata nyama ya kulungu wa mwitu hairuhusiwi kuuzwa. Mwindaji huila pamoja na jamaa yake au huigawa bure.

Ruhusa hiyo hulipiwa kwa njia mbalimbali. Wengine hutoza kwa eka, yaani kiasi fulani cha fedha kwa kila eka ya shamba kwa mwaka. Wengine hutoza kwa bunduki, maana yake kila mwindaji hulipa sehemu yake kwa majira yote. Wengine hutoza kwa siku, na hivyo ndivyo wafanyavyo mara nyingi kwa wawindaji wa njiwa mwezi wa Septemba. Tena wako wanaotoza kwa mnyama aliyeuawa, na bei hupanda kadiri pembe zilivyo kubwa. Mwenye shamba apokeaye fedha za namna hii ni sharti achukue kwanza leseni ya serikali, na ada ya leseni hiyo hufuata ukubwa wa ardhi.

Njia ni nyingi. Lakini njia ya kutoza haimwambii mtu kiasi cha haki. Hapo ndipo dhamiri inapoanza kazi.

NI NANI ALIYEMLISHA KULUNGU?

Mwenye shamba huweza kusema hivi: «Kulungu hula majani yangu, hunywa maji ya kisima changu, hulala chini ya miti yangu. Mimi ndiye niliyemlisha. Basi thamani yake ni yangu.» Maneno haya yana ukweli ndani yake, lakini si ukweli mzima.

Tazameni jambo moja lililotokea huko. Palikuwa na nzi mmoja wa hatari sana kwa wanyama wa Texas. Nzi huyu hutaga mayai katika jeraha lolote, hata katika kitovu cha mtoto wa mnyama aliyezaliwa jana. Funza wake hula nyama ya mnyama angali hai. Ng'ombe wengi walikufa kwa njia hiyo, na watoto wa kulungu vile vile. Kuanzia mwaka 1962, wataalamu walilea nzi hao kwa mamilioni katika jengo maalumu, wakawafanya madume kuwa tasa kwa nguvu ya mnururisho, kisha wakawamwaga kutoka katika ndege juu ya nchi. Jike wa nzi huyu hupandana mara moja tu katika maisha yake. Akipandana na dume tasa, mayai yake hayaanguliwi. Baada ya miaka michache wadudu hao walipungua sana, na kulungu wakaongezeka. Gharama ya kazi hiyo ilitoka katika hazina ya serikali na katika michango ya wafugaji wenyewe. Ni mwenye shamba gani awezaye kusema kwamba kulungu waliookoka ni tunda la jasho lake peke yake?

Yako na mengine. Tangu mwaka 1937 sheria ya Marekani imeelekeza kwamba kodi itozwayo juu ya bunduki na risasi itumike kwa kuwahifadhi wanyama wa mwitu katika majimbo. Kwa hiyo mwindaji amekwisha kulipa kitu kwa ajili ya wanyama kabla hajafika langoni. Tena, mwaka 1995, wapiga kura wa Texas walikubali kwamba ardhi inayotunzwa kwa ajili ya wanyama wa mwitu itozwe kodi ndogo kama ile ya ardhi ya kilimo. Kodi asiyolipa mwenye shamba ni mzigo unaobebwa na jamii yote.

Ndiyo kusema, kulungu asimamaye asubuhi katika kichaka cha mtu mmoja amelishwa na wengi. Majani ni ya mwenye shamba. Afya yake imetunzwa na kazi ya watu wote. Uhai wake ni wa Muumba, ambaye hakumwandikia mtu hati yake.

KITU AWEZACHO KUKIUZA

Ikiwa mnyama si wake, mwenye shamba auze nini kwa haki? Ana vitu vingi vya kuuza, wala asione haya kuvitaja.

Kwanza ana hasara yake. Akitaka kulungu wastawi, hana budi kupunguza ng'ombe ili majani yasimalizike, na kuviacha vichaka ambavyo angaliweza kuving'oa apate malisho zaidi. Pili ana kazi yake: kutengeneza njia zilizoharibiwa na magari ya wawindaji, kuzibua visima, kukaza waya, kuokota takataka. Tatu ana gharama za fedha, kama vile leseni na bima, kwani mahali palipo na bunduki ajali haiko mbali. Nne ana utulivu wake. Katika majira ya uwindaji hawezi kutembea shambani mwake kama apendavyo, wala watoto wake hawawezi kucheza popote. Vitu vyote hivi ni vyake kweli, na atoaye kilicho chake ana haki ya kulipwa.

Ifuatayo ni hesabu ya mfano tu, ili jambo lionekane. Mtu ana shamba la eka 1,000, yaani hekta 400 hivi. Ng'ombe aliowapunguza wangalimpa dolari 2,000 kwa mwaka. Njia, waya na maji vyamgharimu 1,500. Leseni na bima ni 700. Siku zake za kazi na usumbufu wa nyumba yake anazihesabu kuwa 1,800. Jumla ni dolari 6,000. Ana wawindaji 6. Kila mmoja akilipa 1,000, hasara yote imerudi na kazi yote imelipwa. Kwa eka ni dolari 6.

Lakini siku moja mtu wa mjini anafika na kusema: «Nitakupa dolari 15 kwa eka.» Hiyo ni dolari 15,000. Jirani zake nao wanaanza kupokea bei kama hiyo. Basi kati ya 6,000 na 15,000 pana dolari 9,000. Hizo 9,000 ni malipo ya nini?

ZILE DOLARI ELFU TISA

Mtakatifu Tomaso wa Akwino, aliyekufa mwaka 1274, alilichunguza swali linalofanana na hili katika mafundisho yake juu ya kuuza na kununua. Alifundisha kwamba muuzaji akipata hasara kwa kuachana na kitu chake, ana haki ya kuihesabu hasara hiyo katika bei. Lakini ikiwa muuzaji hapati hasara ya ziada, na mnunuzi ndiye apataye faida kubwa kwa sababu ya hali yake mwenyewe, basi muuzaji asipandishe bei kwa ajili ya hali hiyo. Maana uhitaji wa mnunuzi si mali ya muuzaji, na mtu hawezi kuuza kisicho chake. Tena akaongeza kwamba mnunuzi aliyefaidika anaweza kutoa zaidi kwa hiari yake, nalo ni jambo la uungwana wake.

Kwa mafundisho haya, mtu huweza kuamua upesi: zile 9,000 ni udhalimu, kwa kuwa mwenye shamba anaiuza tamaa ya mwindaji, na tamaa hiyo si yake.

Lakini asiamue upesi. Katika karne ya 16, walimu wa chuo cha Salamanka, nchini Hispania, waliendelea kulipima jambo hili. Walifundisha kwamba bei ya haki hujulikana kwa makadirio ya watu wote sokoni, pasipo hila, pasipo nguvu, pasipo watu wachache kushika bidhaa yote ili kuwakaba wengine. Kwa mafundisho hayo, ikiwa mashamba ya jirani hukodishwa kwa dolari 15, na ikiwa mwindaji anajua anachonunua na ana ruhusa ya kwenda kwingine, bei hiyo haiwezi kuitwa wizi. Mwindaji huyo hafi kwa njaa. Nyumbani ana chakula. Anakuja kutafuta furaha ya porini, na hakuna mtu anayemlazimisha.

Yapo pia mema yatokanayo na bei hiyo. Zamani, kulungu alipokuwa hana faida kwa mfugaji, wengi walimwona kuwa mla majani tu, wakaving'oa vichaka bila kufikiri mara mbili. Wawindaji walipoanza kulipa vizuri, kichaka kikapata thamani. Mwenye shamba aliyetaka kuleta mashine ya kusafisha ardhi yote alisita. Bei ya lango ikawa ngao ya mnyama. Asiyekiri jambo hili hasemi kweli.

Basi, je, jambo limekwisha? Bado. Yuko mtu mmoja ambaye hajatajwa katika hesabu.

KIJANA LANGONI

Ufuatao ni mfano wa kufikirika. Mzee mmoja ana shamba lile la eka 1,000. Kando ya shamba lake anakaa kijana ambaye baba yake alikuwa mchungaji wa ng'ombe wa mzee huyo kwa miaka mingi. Kila mwaka, kabla ya wawindaji wa mjini kuja, kijana huyu na baba yake walipewa ruhusa ya kuwinda kulungu mmoja au wawili kwa chakula cha nyumbani. Waliwinda kwa utaratibu, wakalifunga lango nyuma yao, na mguu wa mnyama wakauleta kwa mzee. Sasa baba amekufa, na mzee amepokea fedha za watu wa mjini. Kijana anakuja na kofia mkononi.

«Mzee, shikamoo. Nimekuja kuuliza habari za mwaka huu.»

«Marahaba, mwanangu. Mwaka huu shamba limekodishwa lote. Wenzio wanalipa dolari 2,500 kila mmoja. Ukizipata, njoo; sikubagui.»

«Mzee, wajua kwamba siwezi kuzipata.»

«Najua. Lakini nifanyeje? Bei ni ya soko, mimi sikuipanga.»

Mzee hakusema uongo. Bei ni ya soko kweli. Hakumwibia kijana kitu, wala hakuvunja sheria yoyote. Hata hivyo, usiku ule, akiwa mwaminifu mbele ya dhamiri yake, hapati usingizi mzuri. Kwa nini?

Kwa sababu kulungu ni wa kijana vile vile. Sheria yenyewe imesema kwamba ni mali ya watu wote. Mzee hana kulungu wa kuuza. Ana lango tu. Lakini lango likipandishwa bei mpaka watu wa aina moja tu ndio wawezao kupita, basi mali ya wote imegeuka kuwa mali ya wenye fedha, na hakuna mtu aliyetamka neno la kuibadilisha. Hapo ndipo bei ya lango imekuwa bei ya mnyama kwa siri. Na kumwuza mnyama mzee hakuwa na haki.

Soko hujua kupima uhitaji wa mtu mwenye fedha. Uhitaji wa mtu asiye na fedha haliuoni. Walimu wa Salamanka waliposema kwamba bei ya watu wote ni ya haki, walisema habari za haki kati ya muuzaji na mnunuzi. Hawakusema kwamba mtu akiisha kupokea bei ya haki, hana deni tena kwa jirani aliyebaki nje.

DENI LILILO NDANI YA FAIDA

Hapa jino la tembo linafundisha kitu. Mkubwa wa nchi alipokea jino lililogusa ardhi, lakini hakulipokea kwa ajili ya tumbo lake tu. Watu walimtazamia awalishe wageni, awasaidie wajane, aamue mashauri na kuwalinda watu wake. Mkubwa aliyepokea na asitoe aliitwa mchoyo, na jina hilo lilimfuata hata kaburini. Pato la ardhi lilikuja pamoja na wajibu wa ardhi.

Vivyo hivyo zile dolari 9,000. Mwenye shamba anaweza kuzipokea bila dhambi, ikiwa amezipata kwa uwazi. Lakini sehemu ile inayozidi hasara na kazi yake haikutoka katika jasho lake. Ilitoka katika mnyama asiye wake na katika shauku ya mtu mwingine. Kwa hiyo fedha hiyo ina deni ndani yake. Deni hilo ni la pande tatu.

Upande wa kwanza ni ardhi na wanyama wenyewe. Mwenye shamba apokeaye faida kila mwaka, naye akaacha visima vikauke na majani yakaliwa mpaka mizizi, anakula mtaji wa watu wote. Tena asiuze ruhusa kwa wawindaji wengi kuliko idadi ya wanyama iwezavyo kuvumilia. Mkataba mwema hutaja idadi: madume wangapi, majike wangapi. Kulungu wakizidi nao ni hatari, kwani huyamaliza majani, wakakonda na kufa. Uwindaji wa kiasi huwasaidia. Kiasi hicho hujulikana kwa kuhesabu wanyama, si kwa kuhesabu fedha.

Upande wa pili ni mwindaji. Huyu adaiwa kweli. Asiambiwe kwamba shambani mna madume makubwa kumi ikiwa mwenye shamba hakuyaona zaidi ya mawili. Asilipishwe mwezi wa Agosti, kisha mwezi wa Oktoba akaambiwa kwamba mwingine ametoa zaidi. Masharti yote yaandikwe: mipaka, tarehe, idadi ya bunduki, nani atatengeneza lango likivunjika. Neno lisiloandikwa huzaa ugomvi, na ugomvi kati ya watu wenye bunduki ni jambo la kuogopwa. Mwindaji naye ana deni lake. Kulipa dolari 15 kwa eka hakumpi ruhusa ya kupiga risasi ovyo, kumwacha mnyama aliyejeruhiwa, au kuiharibu njia wakati wa matope. Amenunua nafasi ya kuingia. Adabu hakununuliwa ruhusa ya kuiacha.

Upande wa tatu ni jirani. Huko Texas wako wenye mashamba wanaotenga siku chache kila mwaka kwa watoto na jamaa wa karibu, bure au kwa malipo kidogo. Fedha haipungui sana kwa tendo hilo. Mzee yule wa mfano angaliweza kuwaambia watu wa mjini tangu mwanzo: «Shamba ni lenu kwa majira haya, ila siku mbili za kwanza na kulungu mmoja ni vya mtoto wa mchungaji wangu.» Watu wa mjini wangalikubali, au wangalipunguza kidogo bei yao. Hasara hiyo ndogo ingalikuwa ndiyo malipo ya deni lake.

Liko tena jambo moja la kuangalia. Wako wanaojenga ua mrefu wa waya, futi 8 kwenda juu, hata kulungu asiweze kuruka, kisha hutoza bei kwa kupima inchi za pembe. Sheria ya Texas huruhusu ua huo. Lakini mtu aliyeizuia njia ya mnyama ili asifike kwa jirani, akampa chakula cha kununua ili pembe zikue, kisha akamwuza kwa kipimo, amemgeuza mnyama wa mwitu kuwa mbuzi wa zizini. Basi na aseme wazi kwamba anauza mbuzi. Asiuite uwindaji, wala asidai kwamba anauza ruhusa ya lango tu. Kosa huanza pale jina la kitu linapoachana na kitu chenyewe.

KIPIMO CHA KUCHUKUA NYUMBANI

Kijijini hakuna mashamba ya eka 1,000 wala watu wa mjini wenye dolari 15. Lakini wako wenye mto mdogo upitao kando ya shamba lao, wenye mti wa asali, wenye njia ya mkato, wenye kisima. Kila mmoja wao ni mwenye lango la namna fulani. Maji hakuyaumba, nyuki hakuwafuga, samaki hakuwapanda. Ana kazi yake na hasara yake, na haki ya kulipwa kwa hizo. Akitoza zaidi ya hapo, na ajiulize kile kilichozidi kinatoka wapi, na kinamdai nini.

Maswali ya kurudia na kukumbuka:

Swali: Je, mwenye ardhi ana haki ya kuwatoza wawindaji?
Jibu: Anayo. Ana haki ya kulipwa kwa hasara yake, kazi yake, gharama zake na usumbufu wake.

Swali: Je, anamwuza mnyama?
Jibu: Hamwuzi. Mnyama wa mwitu hakuumbwa naye wala hakulishwa naye peke yake. Mwenye ardhi anauza ruhusa ya kuingia.

Swali: Je, ni dhambi kupokea bei ya soko ikiwa inapita hasara na kazi?
Jibu: Si dhambi, ikiwa hapakuwa na uongo, nguvu wala hila. Lakini kile kinachozidi kina deni ndani yake.

Swali: Deni hilo hulipwa kwa nani?
Jibu: Hulipwa kwa ardhi na wanyama, kwa kuwatunza, kwa mwindaji, kwa kumwambia kweli, na kwa jirani maskini, kwa kumwachia nafasi.

Swali: Mwenye lango atajuaje kwamba bei yake imepita kiasi?
Jibu: Na amtazame jirani yake aliye maskini kuliko wote, akisimama langoni. Ikiwa hakuna siku hata moja katika mwaka mtu huyo awezayo kupita, bei imepita kiasi.